Fensi Kwenye Njia ya Twiga

Wangu alikuwa anamalizia kukama mbuzi aliposikia akiitwa kutoka barabarani, na jinsi alivyoitwa ilimfanya aiweke sufuria ya maziwa chini bila kuifunika.

"Mama Wangechi! Kuja uone! Kuja uone hawa watu wamefanya nini!"

Aliyeita ni Chepkurui, jirani yake tangu wote wawili walipoolewa hapa Thayu, kijiji kilicho juu kidogo ya Ziwa Elementaita ukitoka Nakuru kwenda Gilgil. Chepkurui hakuwa mtu wa kelele. Hata kwenye kwaya ya kanisa alikuwa anaimba kwa sauti ya chini mpaka mwalimu wa kwaya akate tamaa. Wangu alifunga leso kiunoni akamfuata mbio mbio, viatu vya mpira vikimpwaya miguuni.

Walipofika kwenye fensi mpya, Wangu alisimama, mkono mdomoni.

Upande wa nje, karibu sana na waya, alisimama twiga jike. Upande wa ndani, chini ya vichaka vya leleshwa, alisimama ndama wake, bado ana kamba ya kitovu iliyokauka tumboni. Kati yao zilipita nyaya za stima, moja juu ya nyingine, kutoka kwenye nyasi mpaka juu kuliko kichwa cha mtu, zikilia tak, tak, tak. Yule jike aliinamisha shingo kumnusa mtoto. Kifua chake kikagusa waya. Alishtuka akarudi nyuma, mavumbi yakatimka, akasimama kwa mbali akitetemeka ngozi yote. Kisha akarudi tena.

"Amefanya hivyo tangu kukuche," Chepkurui alisema. "Jana jioni mafundi walifunga pale palipokuwa wazi. Mtoto alikuwa amelala hapo kwa leleshwa, mama ameenda kula. Hawakuangalia. Walifunga tu wakaenda nyumbani."

Wangu alikuwa anaiangalia ardhi ile yenyewe, na hasira ilikuwa inampanda polepole kama maziwa yanayotaka kufurika.

Kwa maana ardhi ile haikuwa ya mtu. Zamani wazee walipolinunua shamba la mzungu kwa kuchangishana na kuligawa, walikubaliana kwamba kila mwanachama akatwe kidogo, ili ukanda mmoja ubaki wazi kutoka chini ziwani mpaka mlimani. Wakati wa kiangazi twiga hutoka kwenye hifadhi iliyo kando ya ziwa na kupanda mlimani kutafuta migunga yenye majani. Walikuwa wanapita hapo kabla ya mzungu, na wazee waliona hakuna sababu ya wao kuja kuwafukuza. Aliyelisema jambo hilo kwa nguvu zaidi, mpaka likapita, alikuwa mwenyekiti wa wanachama wakati huo, Karanja, kakake Wangu.

Ili mambo ya ofisi yawe rahisi, ukanda ule uliandikishwa kwa jina la mwenyekiti kwa niaba ya wote. Kila mtu Thayu alijua. Karanja alipofariki, mwanawe Gathogo, aliyekuwa na kampuni ya kuuza ploti mjini Nakuru, alikuja na watu wa kupima akasema urithi ni urithi. Wanachama walipiga kelele, wakamtafuta wakili, wakili akawaambia kesi za mashamba huzeesha watu. Wakiwa bado wanabishana, nguzo zikaanza kusimama.

Na kando ya barabara kuu likasimama bango kubwa lenye picha ya twiga akichungulia dirisha la nyumba nzuri ambayo haijajengwa. Chini yake maandishi: *Amka Na Twiga. Ploti Zinauzwa.*

* * *

Gathogo alifika saa nne na gari jeupe lenye vumbi la kwetu. Alikuwa kijana mnene kiasi, mcheshi, mwenye tabia ya kushika mkono wa mtu kwa mikono yake yote miwili. Alimshika hivyo hivyo Wangu, shangazi yake.

"Tata, habari ya asubuhi? Mbona umesimama kwa jua?"

"Gathogo, fungua hiyo fensi."

"Ndiyo nimekuja kuona. Wamenipigia simu." Aliangalia twiga, kichwa kikiinama upande, jinsi mtu anavyoangalia sofa dukani. Akatoa simu akapiga picha. Kisha nyingine. "Huyo mama hatoki hapo?"

"Atatokaje na mtoto wake yuko ndani? Hajanyonya tangu jana. Zima stima, wakate waya, dakika chache tu, wamalize, wafunge tena kama ni lazima mfunge. Hayo mengine tutaongea baadaye."

Gathogo alikuna shavu. "Tata, Jumamosi tuko na uzinduzi. Wateja wanakuja na basi, kutoka Nakuru, wengine Nairobi. Hapo nimeandika twiga kwa bango. Watu wanapenda kuona kitu kwa macho."

Wangu alidhani hajasikia vizuri. "Unasema nini?"

"Nasema Jumamosi jioni, watu wakishaenda, nitafungua. Siku mbili tu. Hawa ni wanyama wa porini, hawafi haraka hivyo."

"Huyo ni mtoto wa juzi! Anaishi kwa maziwa! Utamfungia mtoto asinyonye ili watu wapige picha?"

"Tata, usinipigie kelele mbele ya wafanyakazi."

"Nitapiga! Nilikubeba mgongoni kwa hii njia, Gathogo. Ulikuwa unalia ukitaka nikuinue uone twiga wakipita. Baba yako alikuwa anasimamisha mkutano mzima ili wapite!"

Hapo Gathogo aliacha tabasamu life. "Baba alikuwa mzee mzuri," alisema polepole, "na alikufa bila hata nyumba ya mawe. Mimi siwezi kulisha watoto na twiga." Akarudi kwa gari. Kabla ya kufunga mlango alimwambia mlinzi wa geti, kwa sauti ya kusikika, asimruhusu mtu yeyote wa kijiji kukaribia sanduku la stima.

* * *

Askari wa wanyamapori alikuja mchana kwa pikipiki. Jina lake lilikuwa Kemboi, mtu wa makamo aliyejulikana Thayu kwa sababu ndiye huitwa pundamilia wakiingia mahindi. Alivua kofia, akazunguka fensi mpaka mwisho, akarudi, akaongea na redio kwa muda mrefu akiwa amewapa kina mama mgongo. Alipogeuka, uso wake ulikuwa umeshasema.

"Mkubwa wangu anasema nisubiri maelekezo. Hapa ni mali ya mtu, kuna title ya ardhi. Tukikata waya yake, atatushtaki."

"Na huyu mnyama ni mali ya nani?" Wangu aliuliza.

"Wa serikali, mama."

"Basi serikali imefungiwa mtoto wake na inasubiri maelekezo?"

Kemboi aliangalia kofia yake. "Mama, mimi nina watoto shule. Niko hapa nakusikia. Lakini nenda Nakuru mwenyewe, uwaambie kwa mdomo. Wakisikia raia labda watasonga."

Ijumaa asubuhi Wangu alivaa nguo ya kanisa akaenda Nakuru. Ofisi ya kwanza walimwambia mambo ya fensi si yao, ni ya mazingira. Ofisi ya mazingira, msichana mmoja mpole alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba mradi huo ulikaguliwa na ukapitishwa, kwa kuwa haukuonekana mnyama yeyote siku wakaguzi walipofika.

"Walifika mwezi gani?"

"Wa tano."

"Mwezi wa tano ni mvua! Twiga wako chini ziwani! Mtu akija kwangu mchana aseme sina watoto kwa sababu wako shule, huyo amekagua?"

Msichana alicheka kidogo kisha akaona Wangu hacheki. Alimwelekeza kwa mkubwa ambaye angeweza kutoa amri siku hiyo hiyo. Wangu alipanda ngazi mpaka kwa mlango wa mkubwa huyo, na hapo karani akamjulisha kwamba bosi yuko Naivasha, hotelini, kwenye semina ya wiki nzima.

"Semina ya nini?"

Karani alitazama ukuta, ambako tangazo lenyewe lilikuwa limebandikwa. "Ya kulinda njia za wanyamapori," alisema, na angalau alikuwa na adabu ya kuinamisha macho.

Wangu alitoka nje akasimama kando ya barabara, boda boda zikimpigia honi, mmoja akimuuliza, "Mathe, twende?" Alitaka kulia akakosa machozi. Kilichokuwa kikimchoma zaidi si Gathogo. Gathogo alikuwa mlafi, na mlafi unamjua ukimwona. Kilichomchoma ni wale watu wote wapole, kila mmoja na kiti chake cha kukupa, kila mmoja anakusikitikia, na hakuna hata mmoja anayeweza kunyoosha mkono azime swichi.

Jioni aliporudi, ndama alikuwa amelala chini, shingo imenyooka juu ya nyasi. Jike bado alikuwa amesimama pale. Kifua chake kilikuwa na alama nyeusi mahali nywele zilipoungua.

Chepkurui alikuwa ameketi juu ya jiwe, akimngoja Wangu. "Walisemaje?"

"Wako semina."

Chepkurui aliinuka akajipangusa nyasi kwa sketi. "Kwetu Keringet baba yangu alikuwa na fensi ya stima ya kuzuia ng'ombe," alisema. "Mimi najua kuizima. Ni kuchomoa waya kwa betri tu."

Waliangaliana, wanawake wawili ambao nywele zao zilikuwa zimeshaanza kuwa nyeupe na ambao hawajawahi hata kuitwa kwa chifu. Wangu alikwenda nyumbani akatafuta koleo ya kukatia waya.

* * *

Jumamosi palikuwa na hema mbili nyeupe, viti vyenye vitambaa, muziki, nyama ikichomwa. Basi lilishusha watu waliovalia vizuri, na wote, kabla hata ya kuketi, walikwenda kwenye fensi. Walisimama wakimpa jike mgongo, simu juu, wakitabasamu. Mama mmoja alimwinua mtoto wake na kusema, "Ona twiga anakusalimia!" Pembeni alisimama Kemboi katika sare iliyopigwa pasi. Gathogo alikuwa ameomba ofisini askari mmoja wa kupendezesha shughuli, na hilo, ofisi ililitolea maelekezo siku hiyo hiyo.

Wangu na Chepkurui waliingia kama watu wa kijiji waliokuja kula. Hakuna aliyewazuia. Gathogo mwenyewe alifurahi kumwona shangazi yake, akafikiri hasira imepoa, akamwonyesha kiti cha mbele.

Kisha akashika kipaza sauti.

"Mimi nimezaliwa hapa," alianza. "Nikiwa mdogo, tata yangu, yule pale, alikuwa ananibeba mgongoni. Tunakuja kwa njia hii. Ananiinua niwaone twiga wakipita. Ndio maana nikasema, hii furaha niliyoipata mimi, acha na watoto wenu waipate."

Watu walipiga makofi. Kuna waliogeuka wakamtazama Wangu kwa upendo.

Alikuwa amepanga kungoja wakati wa chakula. Lakini kusikia hayo, maneno yake mwenyewe ya juzi yakiuzwa mbele yake pamoja na ploti, kulimwinua kwenye kiti bila yeye kuamua.

"Ni kweli nilimbeba," alisema. Hakuwa na kipaza sauti na hakukihitaji. "Lakini hajawaambia kwa nini huyo twiga haondoki hapo. Mnapiga picha ya nini? Huyo hasalimii mtu! Mtoto wake ndiye yule amelala kwa vichaka. Alifungiwa ndani Jumatano jioni, hajanyonya mpaka leo. Amenyimwa maziwa siku hizi zote kwa sababu mlikuwa mnakuja!"

Muziki ulizimwa. Gathogo alicheka, "Tata yangu ana utani." Wangu alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea kwenye fensi, koleo mkononi. Kule getini Chepkurui aliwaomba njia walinzi kana kwamba anatafuta choo, akafika kwenye sanduku, akatia mkono. Ule mlio wa tak, tak ukakoma.

"Mzuieni!" Gathogo alipiga kelele.

Walinzi watatu walimkimbilia Wangu. Hapo ndipo Kemboi alipotoka alikokuwa amesimama kama pambo, akaja akasimama kati yao, miguu ameipanua.

"Mtu asisogee karibu na huyu mnyama," alisema. "Mimi ndiye askari wa wanyamapori hapa. Rudini nyuma. Wageni wote, tafadhali, rudini nyuma."

Walinzi walitazamana. Wangu alikata waya wa chini. Wa pili. Wa tatu ulikuwa umevutwa sana, ulipokatika uliruka ukamchana mkono kutoka kiganjani mpaka karibu na kiwiko, na hakuusikia. Alikata mpaka mikono ilipofika, kisha Kemboi, bila kusema neno, akachukua koleo akakata zile za juu.

Jike alikuwa amerudi mbali, akiogopa. Alikuja hatua kwa hatua, akasimama penye nguzo, akaunusa ule uwazi ambao kwa siku hizo ulimchoma. Kisha akapita. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye leleshwa akashusha shingo yake yote, akamlamba ndama masikio. Ndama aliinua kichwa. Alijaribu kusimama, akaanguka, akajaribu tena mama yake akimsukuma kwa pua. Safari hii alisimama, miguu ikiwa imeachana, akaingia chini ya tumbo la mama yake.

Yule mama aliyekuwa amemwinua mtoto alikuwa analia. Mwanamume mmoja mwenye miwani aliuliza kwa sauti, "Boss, ni ukweli? Ulijua?" Gathogo alikuwa kwenye simu, anaita polisi.

* * *

Walilala seli Jumamosi na Jumapili, Wangu na Chepkurui, kwa kosa la kuharibu mali. Mkono wa Wangu ulifungwa kwa kipande cha leso. Jumatatu asubuhi, wakiwa kwenye benchi la korti Nakuru wakingoja kuitwa, Kemboi alikuja akainama mbele yao.

"Mama, mtoto alikufa jana," alisema. "Alinyonya, lakini tumbo lilikuwa limeshaharibika. Daktari wa mifugo aliitwa, akachelewa. Mama yake alimsimamia mpaka jioni, halafu akaenda mlimani."

Chepkurui alianza kulia kwa ile sauti yake ya chini. Wangu alikaa wima. Alijiambia kwamba akilia sasa hataweza kusema, na alikuwa na mengi ya kusema.

Wakili wa Gathogo alisimama akaeleza kwamba washtakiwa walivamia shughuli halali, wakaharibu mali, na kwamba kwa fujo zao walisababisha kifo cha mnyama anayelindwa na sheria. Aliposikia hilo, Wangu aliinuka kizimbani kabla ya kuulizwa.

"Mheshimiwa, nimemsikia mtu akisema nimeua yule mtoto. Nimekata waya, ndiyo. Nitakubali hilo hata mbele ya Mungu. Lakini huyu mtu aulizwe: aliyefunga ni nani? Na wale nilioenda kuwalilia Ijumaa, mlango kwa mlango, wataletwa hapa lini?"

Hakimu, mwanamke wa makamo, alimwambia aketi, lakini hakumkemea. Nje, wanachama wa Thayu walikuwa wamekuja kwa lori, wazee kwa fimbo, na video ya Jumamosi ilikuwa imeshazunguka nchi nzima. Wakili yule yule aliyewaambia kesi za mashamba huzeesha watu sasa aliikimbilia kesi ya ardhi kabla ya mwingine kuichukua, akaifungua kortini. Wiki hiyo korti iliagiza ukanda ubaki wazi na ujenzi usimame mpaka mwenye ardhi ajulikane. Kina mama waliachiliwa kwa dhamana. Kesi yao ya waya bado inaendelea.

Mkubwa wa semina hakuguswa. Alitokea kwenye runinga akasema ofisi yake inafuatilia jambo hilo kwa karibu. Kemboi ndiye aliyeguswa. Alipewa uhamisho kwenda mbali kaskazini, kwa kuacha kufuata maelekezo, na aliondoka na godoro lake juu ya pikipiki bila kuagwa na mtu wa ofisi. Thayu walimfanyia sala na kumpa mbuzi. Wangu alimwambia mbele ya watu wote kwamba aliyestahili kuhamishwa bado amekalia kiti Nakuru.

Siku korti ilipoagiza, wanachama hawakungoja mafundi. Walikwenda wenyewe, wanaume kwa wanawake, wakang'oa nguzo na kukunja nyaya, wakazilaza kando ya barabara, zichukuliwe na mwenyewe.

Mwenyewe alikuja nyumbani kwa Wangu Jumapili moja baada ya kanisa, peke yake, bila gari jeupe. Wangu alimkaribisha kiti. Ni mtoto wa kakake. Hakuweza kumwacha nje.

"Tata, tumalize haya mambo kifamilia," Gathogo alisema. "Muondoe kesi ya ardhi. Mimi nitaondoa hiyo ya waya. Nitawaachia kinjia kidogo pale kando. Twiga mmoja mmoja anaweza kupita."

"Kidogo namna gani?"

Alionyesha kwa mikono, akaona mwenyewe jinsi ilivyoonekana, akaishusha.

Wangu alimmiminia chai akamsogezea kikombe. "Hii kunywa, ni ya nyumbani, na hutanyimwa kwangu," alisema. "Lakini usidhani ni chai ya kusameheana. Ulimwona mtoto akifa njaa ukahesabu viti. Ulichukua jina la baba yako ukalifanya kamba ya kufungia watu aliowaahidi. Sitaondoa kesi. Wakinifunga kwa ajili ya waya, nitafungwa, Chepkurui atakuja kuniletea sabuni. Hiyo njia itabaki vile ilikuwa, upana wote, na ukitaka kuongea nami habari ya ardhi, ongea kortini, watu wakisikia."

Gathogo alikaa muda akikizungusha kikombe. Chai ilipoa bila kuguswa. Aliposimama kuaga, Wangu alimpa mkono, ule wenye kovu, na hakumsindikiza mpaka langoni.